Ruguru na Maneno Ambayo Mkazamwana Huiambia Simu

Ukungu bado umekalia mashamba ya viazi ya Kiirua, upande wa Meru, na Ruguru amesimama kando ya zizi la watu, mikono ndani ya mifuko ya sweta, anasikiliza. Hana ndoo, hana panga, wala hakuja kukopa maziwa. Mbwa wa boma amembwekea mpaka amechoka, sasa amejilaza karibu na viatu vyake.

Mwenye boma ni mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Ameshika simu mbele ya kinywa na anaiongelesha kwa adabu zote. "Halo, habari ya asubuhi. Tafadhali, kuku zetu zinakohoa na moja imekufa. Nitapata dawa wapi hapa karibu?"

Midomo ya Ruguru inacheza. Anayarudia maneno hayo polepole, neno kwa neno, hadi anapohakikisha yamekaa. Kisha anaaga, anatoka langoni, na huko njiani anayasema tena kwenye simu yake mwenyewe ili yasimpotee.

"Umesikia?" ananiuliza tukitembea. "Amesalimia simu kwanza. Wote wanasalimia. Ningekaa ofisini ningeandika 'dawa ya kuku Kiirua', nimalize. Lakini hakuna mtu anaongea hivyo. Huku kwetu hata mwizi atakusalimia kwanza."

Hiyo ndiyo kazi inayomlisha Ruguru, mwanamke wa miaka 34 na mama wa mtoto mmoja. Anasaka maneno. Mtu anapoiuliza simu swali kwa mdomo, simu huenda kutafuta ni duka gani, fundi gani au daktari gani ambaye maelezo yake mtandaoni yanakaribiana zaidi na swali lile, kisha humsomea jibu. Anayeandika kwa vidole huandika maneno mawili matatu, basi. Anayesema kwa mdomo hueleza shida yake yote, na kila mtu hueleza jinsi alivyozoea kuongea kwao.

Ruguru hulipwa kujua watu wanasemaje, kisha maneno hayo huwekwa kwenye kurasa za wafanyabiashara. Inaonekana kazi nyepesi. Mwaka jana ilikaribia kumponyoka kwa sababu ya ng'ombe.

Alizaliwa Gachoka, upande wa Mbeere, ambako mama yake bado analima ndengu na kufuga mbuzi. Aliletwa Kiirua na ndoa. Mumewe, Mugambi, ni fundi wa mawe ambaye siku nyingi yuko Isiolo kwenye majengo na hurudi mwisho wa mwezi. Baba mkwe wake Ruguru alifariki kabla hata ya posa, kwa hiyo katika miaka yote ya ndoa yake hajawahi kuishi chini ya jicho la baba mkwe. Jambo hilo naomba msomaji alishike, tutalihitaji mbele.

Kabla ya kuanza kusaka maneno, Ruguru alikuwa akichambua mishiri, maharagwe mabichi ya maganda, katika ghala la wauzaji wa mboga za kupeleka ng'ambo. Malipo yalikuwa shilingi 450 kwa siku, na ghala lenyewe lilikuwa baridi kuliko Kiirua ya mwezi wa saba.

"Baridi iliniingia kifuani ikakataa kutoka," anasema. "Nilikuwa nakohoa mpaka mtoto wangu Kanini anaamka usiku kunishika mgongo. Daktari aliniambia, mama, ukirudi huko kwa baridi, usirudi hapa kwangu."

Akaacha. Na kuacha kazi bila kazi nyingine, yeyote aliyewahi kufanya hivyo anajua usingizi unavyokuwa adimu.

Wokovu ulitoka Makutano, pale mjini Meru, ghorofani juu ya duka la magodoro. Huko Fosia Elmi ana ofisi ndogo ya kuwatangazia wafanyabiashara mtandaoni. Ruguru alikwenda kuchapisha barua ya kuomba kazi. Akamkuta Fosia anabishana na kompyuta kuhusu mbegu za viazi, akashindwa kujizuia, akamwambia kwamba mkulima hasemi "mbegu bora zilizoidhinishwa". Mkulima husema "mbegu haina mnyauko". Ile barua haikuchapishwa.

"Mimi nimezaliwa hapa Makutano, juu ya duka la baba," Fosia ananiambia akicheka, huku akipanga ushungi wake. "Kimeru naongea, Kiswahili naongea, Kisomali ndiyo lugha ya nyumbani. Lakini ng'ombe mimi nimejulia kwa sahani. Nilihitaji mtu ametoka shambani."

Alimwajiri kwa majaribio, shilingi 18,000 kwa mwezi, na akampa kazi moja ya kumpima. Mteja mwenyewe alikuwa Gedion, mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu zinazohifadhiwa katika mtungi wa baridi kali. Kila mtu Kiirua humwita daktari. Huzunguka na pikipiki, mtungi umefungwa nyuma kwa mipira, glavu ndefu za kufika begani zikining'inia mfukoni.

Biashara ya Gedion haina subira. Ng'ombe akipata joto la kutaka dume asubuhi, inafaa apandishwe jioni hiyo. Ukichelewa hadi kesho yake umekosa, utangoja wiki tatu nyingine, na wakati huo ng'ombe anakula tu bila mimba. Gedion alikuwa amegundua kwamba watu humtafuta wakiwa wamechelewa, akataka simu zao zimtaje mapema.

Fosia akaweka sharti lililoeleweka na kila mtu. Gedion alinunua laini mpya, akaiweka kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, na nambari hiyo haikuandikwa popote isipokuwa kwenye ukurasa ambao Ruguru angeutafutia maneno. Kabambe ikilia, maneno yamefanya kazi. Isipolia mpaka shule zifungwe, Fosia angeachana na mambo ya kuiuliza simu kwa mdomo, na Ruguru angeachana na Makutano.

Alikuwa na bidii ya mgeni. Alikaa siku kadhaa kwenye maduka ya dawa za mifugo, Kiirua na mjini, akisikiliza wateja. Wanaume walikuwa wakiingia na kusema bila kupepesa macho. "Ng'ombe iko heat, nataka mtu wa kupandisha." "Yangu inataka dume tangu jana." "Kuna mbegu ya friesian hapa?" Ruguru akayachukua yote, akayaweka kwenye ukurasa wa Gedion, kisha akarudi ofisini kujaribu.

Kila aliposema maneno hayo kwa simu, jina la Gedion lilitokea la kwanza. Alisema kwa haraka, akasema polepole, akasema kama mtu mwenye mafua. Gedion tu. Fosia akaagiza sambusa, wakala wakijua kwamba kazi imekwisha.

Kabambe haikulia.

Wiki ikapita, ikafuata nyingine. Gedion hakuwa mtu wa lawama, lakini kila alipopita Makutano aliitoa ile simu ndogo mfukoni na kuiweka mezani mbele ya Ruguru.

"Nilikuwa naichaji bure," Gedion anakumbuka. "Nikafikiria pengine imekufa. Nikaipigia na hii yangu ingine. Ikaita vizuri sana! Nikasema basi, si simu ni mbaya, ni mimi hakuna mtu ananitaka."

Fosia naye alivumilia kadiri alivyoweza. Hatimaye alimwita Ruguru, akafunga mlango. "Mama Kanini, mimi sina ubaya na wewe. Lakini siwezi uzia watu kitu chenye hakifanyi kazi. Shule zikifungwa tutaongea."

Ruguru anasema alishuka ngazi siku hiyo akiwa tayari anaisikia baridi ya lile ghala kifuani. Hakumwambia mumewe. Alimwambia mama yake Gachoka kwa simu, na mama akamjibu kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, jambo ambalo ni rahisi kusema ukiwa huna mhunzi anayetaka kukufukuza.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa jirani yake Sheila kurudisha sufuria. Sheila ameolewa katika boma la Mzee Mutembei, na mumewe anafanya kazi Nairobi. Nyumbani wamebaki mkazamwana, mzee mjane, na ng'ombe mmoja wa maziwa aitwaye Mwendwa, ambaye maziwa yake yalikuwa yamekauka mpaka hata ya chai yamekosekana.

Siku hiyo Mwendwa alikuwa amechachamaa. Analia, anazunguka zizi, anagonga mbao kwa kifua. Mzee Mutembei alikuwa ameketi mbele ya stoo na redio yake, akichagua maharagwe ya mbegu kwenye ungo. Sheila alisimama mlangoni pa zizi, mikono imejaa samadi, simu ameibana kati ya vidole viwili visafi.

"Halo. Tafadhali," Sheila aliiambia simu, "ng'ombe yetu inalia tangu asubuhi na haitaki kutulia. Nisaidie."

Simu ikafikiri, kisha ikaanza kusoma kwa sauti ya juu habari za ng'ombe aliyevimbiwa tumbo, ikaingia kwenye minyoo, ikamalizia na chumvi ya kulamba. Jina la Gedion halikusikika hata kwa bahati mbaya.

Ruguru akacheka. "Si useme tu iko..."

Hakumaliza. Sheila alikuwa amemfinya mkono kwa ile mikono ya samadi. "Wewe Mama Kanini!" alinong'ona, macho yamemtoka. "Baba ako hapo!"

Na Mzee Mutembei, bila kuinua uso kutoka kwenye ungo, akaongeza sauti ya redio.

"Nilisikia aibu, halafu nikasikia kitu kingine," Ruguru anasimulia. "Nikamuuliza, na mwezi uliopita? Akasema hata mwezi uliopita ililia. Mkafanya nini? Akaniambia, ilinyamaza."

Aliuliza zaidi, na yote yakatoka huko nyuma ya zizi kwa sauti ya chini. Fahali wa jirani waliyemtegemea zamani aliuzwa. Sheila humwambia mumewe usiku anapopiga simu, mume huahidi kumtafuta mtu asubuhi, na asubuhi ng'ombe ameshatulia kama maji ya mtungi. Kuandika hawezi, mikono huwa michafu, na hata ingekuwa safi, maneno yale hajawahi kuyaandika maishani. Kumwambia baba mkwe kwamba ng'ombe anataka dume? Afadhali ahame.

Hapo Ruguru akaliona kosa lake lote. Maneno aliyookota dukani yalikuwa ya wanaume wakiwa na wanaume wenzao. Aliyajaribu ofisini akiwa na Fosia peke yake, mlango umefungwa. Lakini wanaoshinda na ng'ombe Kiirua ni wakazamwana, na ng'ombe akianza kulia, mzee huwa ameketi pale pale. Simu ya kuulizwa kwa mdomo husikiwa na boma zima. Na yeye Ruguru, aliyeolewa mahali pasipo baba mkwe, alikuwa hajawahi kuuma ulimi mbele ya mtu.

Waswahili walisema mficha uchi hazai. Katika boma hilo aliyefichiwa alikuwa ng'ombe, na kweli hakuwa amezaa mwaka wa pili huo.

Alimpigia Gedion pale pale kwa nambari yake ya zamani. Kwa bahati alikuwa karibu, akafika kabla ya jioni, akavaa glavu yake, akafanya kazi yake. Alipokuwa ananawa, Mzee Mutembei alimwita.

"Daktari, ng'ombe ilikuwa inaumwa na nini?"

Gedion ni mtoto wa hapo hapo, hahitaji kufundishwa. "Ilikuwa inalia tu, Mzee."

"Sawa sawa," mzee akasema. "Mpatieni daktari chai."

Jumatatu Ruguru hakwenda ofisini. Alianza kuzunguka maboma, na mtindo wake wa kazi ndio ule niliouona asubuhi hii. Hawaulizi watu wanatumia maneno gani, kwa sababu ukimuuliza mtu hivyo atakupa maneno ya shuleni. Anampa simu na kumpa shida. Kwa shida ya ng'ombe aliongeza jambo moja: alihakikisha mzee wa boma ameketi karibu, na asipokuwepo aliweka kiti chake pale.

"Wanawake walikuwa wananicheka," anasema. "Lakini akiangalia hicho kiti, sauti inabadilika yenyewe. Kiti peke yake! Hakuna mtu amekalia."

Ndivyo maneno yalivyokuja. Ng'ombe inalia. Ng'ombe haitulii. Ng'ombe imekataa nyasi na si mgonjwa. Ng'ombe inasumbua zingine. Bibi mmoja mwenye wajukuu wengi alisema ng'ombe imekumbuka kwao. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alishikwa na haya kabisa, akaiambia simu kwamba ng'ombe inahitaji maombi, na Ruguru akaliacha hilo liende kwa wachungaji.

Gedion alipoonyeshwa maneno hayo alikunja uso. Ng'ombe anayelia anaweza pia kuwa mgonjwa kweli, akasema, naye hataki kuitwa kwa ajili ya mbegu wakati mnyama wa mtu anakufa. Ilikuwa hoja ya haki. Ruguru akaandika jibu refu lenye dalili zote, moja baada ya nyingine, likieleza waziwazi nini cha kutazama nyuma ya ng'ombe na nini maana yake.

Hapo aliangukia shimo la pili. Alisahau kwamba simu inayoulizwa kwa mdomo hujibu kwa mdomo pia.

Aliyelipa gharama ya kosa hilo alikuwa mkazamwana wa boma moja la mbele ya soko, ambaye alikubali kuwa wa kwanza kujaribu. Aliuliza kwa heshima zake zote, na simu, ambayo haikulelewa na mtu, ikaanza kumtangazia mambo ya dume na ute mbele ya baba mkwe na wageni wawili wa mahari. Maskini hakupata kitufe cha kuizima. Aliikalia.

"Nilienda kumwomba msamaha na kilo mbili za sukari," Ruguru anasema, na hata leo anajifunika uso. "Alikuwa ananiangalia hivi. Baadaye akacheka. Nikajua nimesamehewa."

Alirudi nyumbani akalifuta jibu lote. Lile lililopo sasa ni fupi, na nimelisikia likisomwa mara kadhaa: "Pole. Ng'ombe akilia na bado ana nguvu, mpigie Daktari Gedion leo kabla ya jioni. Akiwa amelegea na masikio yameanguka, mpigie sasa hivi." Hakuna zaidi ya hapo. Mengine huulizwa na Gedion mwenyewe kwenye simu, na ameyapanga maswali yake ili mama anayepiga asihitaji kutamka lolote zaidi ya ndiyo au hapana. Anaweza kumaliza kila kitu huku anasonga ugali na mzee anamtazama.

Kisha wakangoja. Shule zilikuwa karibu kufungwa, na Ruguru anakiri kwamba siku hizo alitembea na roho mkononi. Alianza hata kuulizia bei ya sweta nzito sokoni, kwa ajili ya ghala.

Kabambe ililia siku ya soko. Gedion alikuwa ameketi ofisini kwa Fosia, amekuja kusema asante na kuchukua laini yake, kwa sababu hata mtu mpole huchoka. Simu ikaanza kutetemeka juu ya meza. Walitazamana wote watatu. Ruguru anasema hakuna aliyetaka kuishika, kila mmoja alidhani ni mtu amekosea nambari. Fosia ndiye aliyebonyeza, akaweka sauti ya nje.

"Halo, ni daktari?" Sauti ya mwanamke, ya chini. "Ng'ombe yetu inalia."

Nyuma yake, mbali kidogo, mzee akakohoa.

"Ina nguvu?" Gedion akauliza.

"Ndiyo."

"Ilianza leo?"

"Ndiyo."

"Inapanda zingine?"

Sauti ikashuka zaidi. "Ndiyo, daktari."

"Nakuja."

Gedion alishuka ngazi mbio, akasahau kofia. Fosia alipiga vigelegele mpaka muuza magodoro akapanda kuangalia kuna nini. Ruguru alilia, kwa kweli alilia, kichwa juu ya meza, na kikohozi chake cha zamani kikamshika katikati ya kilio, akawa anakohoa na kucheka kwa pamoja. "Nilishusha pumzi ambayo nilikuwa nimebeba tangu nitoke kwa ile baridi," anasema.

Tangu siku hiyo kabambe haijapata kulala. Gedion anapigiwa mara nne au tano kwa wiki kupitia laini ile, na wengi wanampata mapema. Fosia alimpa Ruguru kazi ya kudumu kabla shule hazijafungwa, akamwongezea kidogo, na sasa Ruguru ana wateja wengine wanne, akiwemo mwenye dawa za kuku. Sweta nzito haikununuliwa.

Lakini kuna mtu mmoja niliyetaka kusikia kutoka kwake, na Sheila hakuwa karibu nilipomkuta jana. Mzee Mutembei alipunguza redio, akanitazama kwa muda, akapima kama mimi ni mtu wa kuambiwa.

"Unafikiria mimi sikuwa najua?" akaniuliza. "Mimi nimefuga ng'ombe kabla baba yako aoe. Ikilia mara moja tu najua. Lakini nitamwambia nini huyu msichana? Eti mwite mtu apandishe ng'ombe? Mimi, baba wa bwana yake? Nilikuwa naongeza redio, nangoja yeye aite mtu. Na yeye alikuwa anangoja mimi."

Akatikisa kichwa, akaokota harage lililooza, akalitupa. "Miaka miwili tumekunywa chai nyeusi kwa sababu ya heshima."

Mwendwa alizaa wiki tatu zilizopita. Ni ndama jike, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji, na chai niliyopewa katika boma hilo ilikuwa ya maziwa mpaka ikaganda utando juu.

Ninamuuliza Ruguru ana mpango gani sasa. Anasema anataka kurudi Gachoka kwa muda, kwa mama. Muuguzi wa zahanati moja ya huko amesikia habari za ng'ombe, akampigia. Kina mama wanachelewa kufika kujifungua, muuguzi alimwambia, na wengine nyumbani wana simu nzuri tu mkononi.

"Nikafikiria sana hiyo siku," Ruguru anasema. "Ng'ombe imepata maneno yake. Na mwenye ng'ombe je? Uchungu ukianza na baba mkwe ameketi hapo na bwana ako mbali, huyo mama ataiambia simu nini? Hayo ndiyo maneno nataka kwenda kutafuta. Nikiyapata hata kwa Gachoka peke yake, nitakuwa nimetosheka."

Tumefika langoni kwa Mzee Mutembei tukiyazungumza hayo. Sheila anatoka zizini na ndoo ya maziwa, anatembea kwa uangalifu, mkono mmoja kiunoni. Tumbo lake limeshajitokeza chini ya leso, na katika boma hilo hakuna aliyelitaja kwa sauti mpaka leo.

Ruguru anamtupia jicho mzee pale mbele ya stoo na redio yake, kisha anampa Sheila simu yake. "Sheila, siku ikifika, utaiambia nini?"

Sheila anaishika. Anamtazama baba mkwe wake, anatazama chini, anafikiri.

"Halo," anasema polepole. "Tafadhali. Nataka kuenda soko, na leo si siku ya soko."

Midomo ya Ruguru inaanza kucheza. Anayarudia maneno hayo mara moja, kisha mara ya pili, mpaka yanakaa. Na Mzee Mutembei, bila kugeuka, ananyoosha mkono na kuizima redio.